Kwa baiskeli kando ya Dordogne, Célé na Lot: mwongozo wa safari ya siku sita kusini-magharibi mwa Ufaransa

Anayepanga safari ya baiskeli mara nyingi huanza kwa kuhesabu kilometa, na katika sehemu nyingi hesabu hiyo inatosha. Katika mabonde ya mito Dordogne, Célé na Lot haitoshi. Siku ya kilometa 80 inayofuata mto tangu asubuhi hadi jioni humalizwa bila shida na mtu aliyezoea kuendesha mwishoni mwa juma tu, ilhali siku ya kilometa 50 inayouacha mto na kuurudia mara tatu inaweza kumlaza hoi mtu yuleyule. Sababu yake iko kwenye mawe. Kati ya bonde la Dordogne na lile la Lot umelala uwanda wa chokaa ambao wenyeji wanauita causse. Mvua inayonyesha huko juu haikusanyiki kuwa vijito, bali huzama ardhini kupitia nyufa na mashimo, kisha hutokea chini kabisa kwenye chemchemi za bondeni. Matokeo yake ni kwamba juu pamekauka, miti ni mifupi na vijiji viko mbalimbali, na mito mikubwa imechimba mabonde yenye kuta za miamba zilizosimama wima. Chini ni tambarare, juu nako ni karibu tambarare, na kazi yote iko katikati, kwenye zile kilometa tatu au nne za barabara inayojipinda kupanda kati ya mita 150 na 250.

Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza unapochora njia ni hili: leo nitatoka bondeni mara ngapi? Mimi huhesabu kila mpando wa namna hiyo kuwa sawa na kilometa 10 za ziada, na sijaona sababu ya kubadilisha kipimo hicho. Mtu mwenye mizigo kwenye keria asipange mipando zaidi ya miwili kwa siku, na ikiwezekana wa kwanza aumalize kabla ya saa nne asubuhi.

Ramani ya karatasi bado ina faida kubwa hapa kuliko simu. Simu hupoteza mtandao bondeni, lakini zaidi ya hapo, ramani za Michelin zina alama ambazo mwendesha baiskeli anazihitaji kuliko mtu yeyote. Barabara kuu zimechorwa kwa rangi nyekundu, za kati kwa njano, na zile ndogo zimeachwa nyeupe. Ni hizo nyeupe utakazozitafuta. Mstari wa kijani kibichi pembeni mwa barabara unaonyesha kwamba mandhari ni ya kuvutia, na katika mabonde haya mstari huo ni mwingi. Muhimu kuliko vyote ni mishale midogo inayochorwa juu ya barabara yenye mwinuko: mmoja ni mwinuko wa kati ya asilimia 5 na 9, miwili ni kati ya 9 na 13, na mitatu ni zaidi ya 13. Ncha ya mshale inaelekea upande wa kupanda. Ukikuta mishale mitatu kati yako na chakula cha mchana, tafuta njia nyingine. Kwa kawaida iko, ila ni ndefu kidogo.

Majira, baiskeli na namna ya kufika

Miezi mizuri ni Mei, Juni na Septemba. Julai na Agosti joto linaweza kupita nyuzi 35, na barabara za kando ya Dordogne hujaa magari yaliyobeba mitumbwi ya kukodisha. Anayetoka Afrika Mashariki, ambako jua huzama karibu saa ileile mwaka mzima, atashangazwa na urefu wa siku: mwezi Juni mwanga huwa bado upo hadi karibu saa nne usiku, na mtu asipotazama saa anaweza kujikuta amekosa chakula cha jioni huku jua likiwaka. Septemba siku ni fupi zaidi, na asubuhi ukungu mzito hulala juu ya mito hadi saa tatu au nne. Ukungu huo ni mzuri kuutazama ukiwa juu kwenye kilima, lakini ukiwa ndani yake washa taa.

Baiskeli ya barabarani ya kawaida inafaa, mradi iwe na gia nyepesi. Gia ya mbele yenye meno 34 na ya nyuma yenye meno 32 au 34 itamtosha mtu wa kawaida, na anayebeba mabegi asione aibu kutafuta nyepesi zaidi. Tairi za milimita 28 hadi 32 ni bora kuliko zile nyembamba za mashindano, kwa sababu barabara nyingi ndogo hufanyiwa matengenezo kwa kumwagiwa lami ya moto na kokoto juu yake, kisha magari huachwa yazishindilie kokoto hizo kwa matairi yao. Kazi hiyo hufanywa msimu wa joto, yaani wakati uleule ambao wewe uko barabarani. Kibao chenye neno *gravillons*, yaani kokoto, kikionekana juu ya mteremko, punguza mwendo kabla ya kona na si ndani ya kona, simamisha baiskeli wima kadiri uwezavyo, na usiguse breki ya mbele hadi utakapokuwa umenyooka. Kokoto hizo hukusanyika katikati ya njia na upande wa nje wa kona, na huteleza kama mtama uliomwagwa sakafuni. Beba tyubu mbili, viraka, pampu na kiungo cha cheni cha akiba, kwa maana juu ya uwanda hakuna duka la baiskeli, na Jumatatu hata lile la mjini huenda limefungwa.

Viatu vinastahili neno moja. Kama unatumia viatu vya kunasa kwenye pedali, chagua vile ambavyo chuma chake kimezama ndani ya soli. Miji yote utakayoitembelea imetandikwa mawe, mingine ina ngazi nyingi, na chuma kinachojitokeza chini ya kiatu kikikutana na jiwe lililosuguliwa na mahujaji kwa karne nyingi, anayeumia si jiwe.

Raia wa Tanzania, Kenya na nchi nyingine nyingi za Afrika huhitaji viza ya Schengen, ambayo humruhusu mtu kukaa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na bima ya afya isiyopungua euro 30,000 ni sharti. Kwa kuwa ubalozi hutaka uthibitisho wa malazi, safari ya baiskeli isiyo na vituo vilivyopangwa ni ngumu kuielezea kwenye fomu. Weka nafasi za vyumba vinavyoweza kufutwa bila gharama, kisha panga siku zako kuvizunguka.

Njia rahisi ya kufika bondeni ni treni ya Intercités inayotoka kituo cha Paris-Austerlitz kwenda Toulouse kupitia Limoges. Treni hiyo husimama Brive-la-Gaillarde, Souillac na Cahors, na safari ya kutoka Paris huchukua kama saa tano. Baiskeli isiyofunguliwa hupakiwa, lakini nafasi zake ni chache na lazima ikatiwe tiketi yake mapema, ambayo ni euro 10. Treni za mkoa, TER, nyingi huchukua baiskeli bure, ingawa baadhi ya mikoa huweka masharti ya ziada msimu wa likizo. TGV, treni za mwendo wa kasi, ni jambo jingine: nyingi hukubali baiskeli iliyofunguliwa na kutiwa katika mfuko usiozidi sentimita 130 kwa 90. Anayetua Toulouse badala ya Paris yuko karibu zaidi, kwa sababu Cahors iko chini ya saa mbili kwa treni, na anaweza kuifuata njia ninayoieleza hapa kinyumenyume.

Souillac hadi Sarlat, na mzunguko wa ngome

Souillac ni mji mdogo wenye kanisa la abasia, yaani la monasteri, lililoezekwa kwa kuba, na una sifa moja kubwa kwa mwendesha baiskeli: kilometa chache magharibi yake, kwenye kijiji cha Cazoulès, huanza njia ya watembea kwa miguu na baiskeli iliyotengenezwa juu ya reli ya zamani, na njia hiyo hufika hadi Sarlat bila mwinuko wa kutaja. Injini za makaa hazikuweza kupanda miinuko mikali, na wahandisi wa reli waliwafanyia waendesha baiskeli wa leo kazi kubwa bila kujua. Jumla kutoka Souillac ni kilometa 30 na kidogo, na kwa siku ya kwanza, hasa kwa mtu ambaye mwili wake bado unakumbuka ndege, zinatosha.

Sarlat-la-Canéda ulisalimika kwa bahati. Njia kuu za biashara ziliupita mbali, majengo yake ya mawe ya rangi ya asali hayakubomolewa kupisha mapya, na sheria ya mwaka 1962 ya kuhifadhi miji ya kale, iliyopitishwa André Malraux akiwa Waziri wa Utamaduni, ikaukuta karibu ulivyokuwa. Étienne de La Boétie, aliyeandika juu ya watu wanaojitia utumwani kwa hiari yao, alizaliwa hapa mwaka 1530. Soko kubwa ni Jumatano na Jumamosi. Ukifika siku ya soko, shuka kwenye baiskeli mwanzoni mwa mtaa mkuu na uisukume, au bora uiache kwenye malazi kabisa, kwa kuwa kati ya vikapu vya jozi (kokwa za walnut), jibini za mbuzi na umati wa watu hapabaki hata nafasi ya kugeuza usukani.

Siku ya pili fanya mzunguko wa kilometa kama 40 bila mizigo. Hapa mpangilio ni kila kitu. Barabara ya D703, inayopita Beynac na La Roque-Gageac kando kabisa ya mto, ni nyembamba, ina mwamba upande mmoja na maji upande wa pili, na ifikapo saa tano asubuhi wakati wa kiangazi magari huwa yamefuatana kama siafu. Ondoka Sarlat saa moja asubuhi, shuka hadi Beynac kwanza, na uwe umeshaivuka La Roque-Gageac kabla ya saa tatu. Kutoka Beynac utaiona ngome ya Castelnaud ng'ambo ya mto. Wakati wa Vita vya Miaka Mia, kati ya 1337 na 1453, Dordogne ulikuwa mpaka wa mapigano hapa, na kwa vipindi virefu Beynac ilishikwa na upande wa mfalme wa Ufaransa huku Castelnaud ikishikwa na upande wa Waingereza, kila mmoja akimwona mwenzake anapofungua dirisha. Ukizitazama ngome hizo kutoka barabarani utaelewa pia kwa nini vijiji vya bonde hili vimebanana chini ya miamba: mwamba ulikuwa ukuta wa bure. Haukuwa mwema siku zote, kwani mwaka 1957 kipande kikubwa kilianguka La Roque-Gageac na kuua watu watatu.

Baada ya hapo vuka mto kwenye daraja la Cénac na upande Domme. Huu ndio mpando mmoja wa siku, nao una haki yake. Domme ni mji ulioanzishwa mwaka 1281 kwa amri ya mfalme Philippe wa Tatu, umezungushiwa ukuta, na mitaa yake imenyooka kwa sababu ulipangwa kwenye karatasi kabla ya kujengwa. Ukifika kwenye ukingo wa mji utaona bonde zima, mita kama 150 chini yako, pamoja na barabara uliyopita asubuhi, ambayo sasa imefungwa na foleni. Rudi Sarlat kupitia Vitrac. Mwenye siku ya ziada anaweza kwenda kaskazini hadi Montignac, kwenye bonde la Vézère, lenye pango la Lascaux lililogunduliwa mwaka 1940 na kufungwa kwa umma mwaka 1963. Kinachotembelewa leo ni nakala kamili iliyofunguliwa mwaka 2016.

Kupanda Rocamadour na kuuvuka uwanda

Siku ya tatu rudi kwa njia ya reli hadi Souillac, kisha fuata mto kwenda juu hadi Lacave, mahali ambapo kasri la Belcastel limesimama juu ya jabali lililo kwenye makutano ya Dordogne na Ouysse. Kutoka Lacave unaaga Dordogne. Barabara inaanza kupanda mara moja, ina kona nyingi na kivuli cha kutosha, na mwenye subira ataupata mwendo wake katika dakika tano za kwanza. Kosa linalowapata wengi hapa ni kuanza na gia nzito kwa sababu miguu bado imezoea tambarare. Badilisha gia kabla mwinuko haujakubana, maana cheni iliyokazwa kwa nguvu haipendi kuhamishwa.

Rocamadour umening'inia kwenye ukuta wa korongo la Alzou, nyumba chini, makanisa katikati, kasri juu. Mahujaji wamekuwa wakija kwa sanamu ya Bikira Maria Mweusi tangu Enzi za Kati, na kati ya mtaa wa chini na makanisa kuna ngazi 216 ambazo baadhi yao hadi leo huzipanda kwa magoti. Lala upande wa juu, L'Hospitalet, ikiwa unataka kuanza siku ya nne bila mpando. Ukilala chini utapata mji mtupu jioni baada ya mabasi kuondoka, lakini asubuhi utalipa. Mwaka 2022 Tour de France ilimalizia hapa mbio za saa, ambazo kila mmoja huendesha peke yake, za kilometa 40.7 zilizoanzia Lacapelle-Marival, na mshindi akawa Wout van Aert, na mpando wa mwisho wa kuelekea L'Hospitalet ndio uliowamaliza wengi. Uujaribu bila mizigo jioni, uone.

Siku ya nne ni ya uwanda wa Gramat, na ndiyo siku inayohitaji mpango wa maji. Nimekwisha kusema kwamba chokaa humeza mvua. Basi kwa mwendesha baiskeli maana yake ni kwamba unaweza kwenda kilometa 20 bila kuona bomba wala duka. Jaza chupa mbili Rocamadour na tena Gramat. Ukiishiwa, tafuta makaburi ya kijiji: karibu kila eneo la makaburi Ufaransa lina bomba la kumwagilia maua, na waendesha baiskeli wa nchi hiyo wamelitegemea tangu zamani. Soma kibao kwanza. *Eau potable* ni maji ya kunywa, *eau non potable* si ya kunywa. Ingia kwa heshima, jaza, ondoka.

Usifuate D840 kutoka Gramat hadi Figeac. Ndiyo fupi, lakini ndiyo inayopitwa na malori. Kaa kwenye barabara nyeupe za ramani na upitie Assier, kijiji chenye kanisa la ajabu lililojengwa na Galiot de Genouillac, mkuu wa mizinga wa mfalme François wa Kwanza. Badala ya malaika na maua, ukanda wa nakshi unaolizunguka kanisa hilo kwa nje umechongwa mizinga, risasi na ndimi za moto. Zunguka jengo zima ukiwa umeegemeza baiskeli ukutani mwa nyumba ya jirani. Ni dakika kumi, na nakshi zilizo upande wenye kivuli zimehifadhika vizuri zaidi. Anayependa mapango zaidi ya makanisa anaweza kupinda mapema kuelekea shimo la Padirac, alikoshuka mtafiti wa mapango Édouard-Alfred Martel mwaka 1889 akakuta mto unaotiririka zaidi ya mita 100 chini ya ardhi, lakini msimu wa joto tiketi hukatwa mapema, na siku inarefuka.

Figeac uko bondeni, kwenye mto Célé. Jean-François Champollion, aliyefumbua maandishi ya Misri ya kale mwaka 1822, alizaliwa hapa mwaka 1790, na nyuma ya nyumba yake kuna kiwanja ambacho sakafu yake ni nakala kubwa mno ya Jiwe la Rosetta, lile lililomsaidia kuyafumbua maandishi hayo, katika mawe meusi, kazi ya msanii Joseph Kosuth. Mji huu uko kwenye njia ya mahujaji wanaotembea kutoka Le Puy-en-Velay kwenda Santiago de Compostela, kwa hiyo una malazi ya bei nafuu yaitwayo *gîte d'étape*, yenye vitanda vya pamoja na chakula cha jioni mezani. Waendesha baiskeli hupokelewa pia. Kibandiko cha *Accueil Vélo* mlangoni kinamaanisha kwamba nyumba iko ndani ya kilometa tano za njia rasmi ya baiskeli na ina mahali salama pa kufungia baiskeli.

Bonde la Célé

Kama mtu ana siku moja tu ya kuendesha baiskeli Ufaransa nzima, ningempeleka kwenye barabara ya D41, ambayo ndiyo njia ya siku yetu ya tano. Inaufuata mto Célé kutoka maeneo ya Figeac hadi unapomwagikia kwenye Lot, kama kilometa 45, na kwa sababu malori hayana shughuli bondeni humo, mara nyingi sauti pekee ni ya cheni yako na maji. Barabara hupita chini ya miamba inayojitokeza juu ya kichwa, huingia mashamba ya jozi, huvuka daraja dogo, kisha hurudi mwambani. Inama kidogo ukitazama juu, utaona kuta zilizojengwa kuziba midomo ya mapango. Wenyeji huziita *châteaux des Anglais*, ngome za Waingereza, jina lililobaki tangu Vita vya Miaka Mia. Espagnac-Sainte-Eulalie ina mnara wa kengele wa mbao na matofali, na Marcilhac-sur-Célé ina abasia ambayo nusu yake ni magofu yasiyo na paa. Simama Marcilhac kwa chakula, kwa sababu vijiji vingine ni vidogo na duka likiwapo huenda limefungwa.

Cabrerets ndipo penye pango la Pech Merle, lililogunduliwa mwaka 1922, lenye michoro halisi, si nakala. Farasi wake wawili wenye madoa wana umri wa miaka kama 29,000. Idadi ya wageni ni 700 tu kwa siku, hivyo kata tiketi kabla ya kuondoka Figeac, na panga saa ya kuingia ukizingatia kwamba barabara ya kutoka kijijini hadi pangoni ni fupi lakini kali. Ndani kuna baridi ya nyuzi 12 hivi. Aliyeingia na jasho na fulana moja hatafurahia farasi.

Célé ukiishia kwenye Lot, vuka daraja jembamba la Bouziès na upande Saint-Cirq-Lapopie, kijiji kilichokaa juu ya mwamba kama mita 100 kutoka mtoni. Ni kizuri kiasi kwamba mchana wa Agosti huwezi kukiona kwa watu. Lala hapo au karibu, na ukitembee saa moja asubuhi. Siku ya sita ni fupi, kilometa 30 hivi za kushuka na mto hadi Cahors, ila baada ya kijiji cha Vers magari huongezeka. Kaa katika mstari mmoja na vaa nguo ya rangi inayoonekana.

Sheria na desturi za barabarani

Wasomaji wa Kongo, Rwanda na Burundi wamezoea kupita kulia. Wa Tanzania, Kenya na Uganda wajihadhari, na si kwenye barabara yenye magari, kwa kuwa huko utafuata wengine. Hatari iko kwenye barabara tupu, unapotoka kwenye duka la mikate au baada ya kupiga picha, pale mazoea yanapokurudisha kushoto bila wewe kutambua. Funga uzi mwekundu kwenye mkono wa kulia wa usukani ikibidi. Kwenye mizunguko, magari huzunguka kinyume cha mwendo wa mishale ya saa, na anayeingia humpisha aliyemo.

Vijijini kuna kanuni nyingine isiyozoeleka kwetu: pasipo kibao chochote, anayetokea kulia ana haki ya kupita, hata kama anatoka kwenye kichochoro na wewe uko kwenye njia inayoonekana kubwa. Trekta litatoka bila kusita, na sheria iko upande wake. Gari linalokupita linatakiwa kukuachia nafasi ya mita moja ndani ya mji na mita moja na nusu nje ya mji. Nawe unatakiwa kuwa na kengele, breki mbili, viakisi mwanga na taa. Nje ya mji usiku au katika ukungu, kizibao cha kuakisi mwanga ni lazima. Vipokea sauti vya masikioni vimepigwa marufuku tangu 2015, na kiwango cha kilevi cha gramu 0.5 kwa lita ya damu kinamhusu mwendesha baiskeli sawasawa na dereva. Helmeti ni lazima kwa watoto walio chini ya miaka 12 tu, lakini miteremko ya mabonde haya haijui umri wa mtu. Namba ya dharura ni 112.

Ratiba ya chakula ni kali kuliko sheria za barabarani. Maduka mengi ya vijijini hufungwa kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa nane na nusu, na Jumapili alasiri pamoja na Jumatatu pengine hayafunguki kabisa. Mgahawa hupokea wateja wa mchana kati ya saa sita na saa saba na nusu. Ukifika saa nane jiko limezimwa na hakuna wa kulibembeleza. Sahani ya siku, *plat du jour*, ndiyo rahisi na hutoka haraka. Asiyekula nguruwe ajifunze maneno *porc*, *jambon* na *lardons*, hilo la mwisho hasa, kwa sababu vipande hivyo vidogo hutiwa hata kwenye saladi bila kutajwa kwa sauti. Viazi vya Sarlat hukaangwa kwa mafuta ya bata bukini. Mikate, mayai, jibini ndogo ya Rocamadour na keki ya jozi zitamtosha anayetaka kuepuka maswali. Na kabla ya kuagiza chochote, sema *bonjour*. Kwa Mfaransa wa kijijini, anayeanza na ombi kabla ya salamu hana adabu, jambo ambalo Mswahili hahitaji kufundishwa.

Cahors umezungukwa na Lot pande tatu, na upande wake wa magharibi kuna daraja la Valentré, lililoanza kujengwa mwaka 1308, lenye minara mitatu na hadithi ya shetani aliyepunjwa ujira wake na fundi. Katika ukarabati wa karne ya 19 fundi mkuu aliweka sanamu ndogo ya shetani huyo juu ya mnara wa kati. Inabidi kuitafuta kwa macho. Daraja ni la miguu tu, na kituo cha treni kiko mwendo mfupi kutoka hapo. Ukiwa na siku iliyobaki kabla ya treni, fuata D8 kupitia Douelle, Luzech na Albas kati ya mashamba ya mizabibu, urudi jioni bila kutoka bondeni hata mara moja. Ukiwa huna, fika kituoni nusu saa kabla, vua mabegi kwenye keria ukiwa bado jukwaani, na umuulize mfanyakazi behewa la baiskeli litasimama wapi, kwa maana treni husimama dakika chache tu na nafasi yako ina namba.